Komoro walikubaliana urais uzunguke kisiwa kwa kisiwa. Zamu imekwama wapi?

Mzigo Tayari (mleta uzi)

Wakuu, habari za jioni.

Riziki yangu iko Kariakoo, nafunga mizigo ya kwenda Komoro. Marobota ya khanga, sufuria, mabati, vitunguu, viazi, chochote kinachoingia kwenye meli. Wateja wangu karibu wote ni Wakomoro, na ukikaa na watu miaka kumi na kitu, siasa zao zinakuingia hata kama hutaki. Wanabishana mimi nikihesabu marobota, hesabu inanipotea, naanza upya. Na ubishi wenyewe ni mmoja tu tangu nimewafahamu: zamu. "Zamu yetu mmeila." "Zamu yenu mlijilia wenyewe." Siku za mwanzo nilidhani wanagombea nafasi kwenye kontena. Kumbe wanagombea urais wa nchi.

Naona humu kila Komoro ikitajwa mtu anaandika "nchi ya mapinduzi", kisha uzi unahamia kwenye mpira. Leo naomba tukae nayo kidogo, maana wale jamaa waliwahi kubuni kitu cha akili sana, na namna kilivyoharibika inatisha zaidi ya mapinduzi.

Kwa wasiojua ramani: visiwa ni vinne. Ngazija ndicho kikubwa, ndiko uliko mji mkuu Moroni na mlima Karthala unaotema moto. Nzuani ni milima mitupu na watu wamebanana, lakini mji wake Mutsamudu una bandari ya kina kirefu ambayo Moroni hawana. Moroni meli kubwa inatia nanga nje, mzigo unashushwa kwa matishari. Mwali ni kadogo, watu wake hawafiki laki moja. Cha nne ni Mayotte, wenyewe wanakiita Maore, nacho kiko chini ya Ufaransa hadi leo. Bendera ya Komoro ina nyota nne na mistari minne, kwa hiyo kwa hesabu yao Maore hajatoka.

Desemba 1974 ilipigwa kura ya uhuru. Visiwa vitatu vikasema ndiyo kwa kishindo, Mayotte wengi wakakataa. Tarehe 6 Julai 1975 Ahmed Abdallah akatangaza uhuru wa visiwa vyote bila kuwangoja Wafaransa. Hakumaliza mwezi: tarehe 3 Agosti akapinduliwa. Akaja Ali Soilih, akafukuza watumishi wa serikali, nyaraka zikachomwa moto, nchi ikakabidhiwa vijana. Mei 1978 mamluki wa Kifaransa Bob Denard akatua na watu wake, Soilih akauawa, Abdallah akarudishwa kitini. Novemba 1989 Abdallah naye akapigwa risasi ikulu, Denard akiwa humo humo. Alishitakiwa Paris baadaye, akaachiwa. Na bado mwaka 1995 akarudi tena kumpindua Rais Djohar, akiwa mzee wa miaka sitini na kitu, mpaka jeshi la Ufaransa likaja kumzoa.

Lakini kilichozaa zamu hakikuwa Denard. Ni mwaka 1997. Watumishi walikuwa wanakaa miezi bila mishahara, na watu wa Nzuani walikuwa wanaona kila kitu kinaishia Moroni: wizara, ajira, misaada, hata ushuru wa bandari iliyoko kwao. Agosti mwaka huo wakatangaza kujitenga, Mwali wakafuata. Nzuani walipandisha bendera ya Ufaransa! Waliomba kurudi kutawaliwa. Paris ikasema hapana asante. Rais Taki akatuma askari Septemba, wakapigwa na kutekwa.

Aprili 1999 kikaitishwa kikao Antananarivo, wajumbe wa Nzuani wakakataa kutia saini, Moroni kukachafuka, watu wenye asili ya Nzuani wakaanza kusakwa mitaani. Tarehe 30 Aprili mkuu wa majeshi, Kanali Azali Assoumani, akachukua nchi. Likumbukeni hilo jina.

Ndipo ikaja Fomboni. Fomboni ni mji mkuu wa Mwali, kisiwa ambacho hakina ubavu wa kumtisha mtu, na ndio maana wakakutana pale. Februari 2001 wakasaini, Desemba mwaka huo ikapigwa kura ya katiba mpya. Kila kisiwa kikapata rais wake na bunge lake, na juu yao rais mmoja wa Muungano. Marais wanne kwa nchi isiyofika watu milioni. Chekeni tu.

Sasa huyu rais wa Muungano alikuwa anapatikana hivi. Zamu ikiwa ya Nzuani, wagombea wote wanatoka Nzuani. Duru ya kwanza wanapiga kura watu wa Nzuani peke yao, wanachuja wanabaki watatu. Duru ya pili wale watatu wanapigiwa kura na visiwa vyote. Mnaona ilivyokaa? Usipopendwa nyumbani kwenu, hufiki popote. Ukipendwa nyumbani kwenu tu kwa kuwatukana watu wa Moroni, hufiki popote vilevile, maana Moroni ndio watakaokuchagua mwishoni.

Mwaka 2006 ilifanya kazi sawasawa. Nzuani walijitokeza wagombea 13, wakabaki 3, akashinda Ahmed Abdallah Sambi, shehe aliyesoma Uarabuni na Iran, mfanyabiashara wa magodoro na manukato. Tarehe 26 Mei 2006 Azali akamkabidhi nchi. Mtu aliyeingia kwa bunduki akatoka kwa mkono wa heri, mchana, mbele ya watu. Nchi ile haikuwa imewahi kuona hivyo.

Na huyohuyo Azali ndiye aliyekuja kuigeuza zamu. Nawasilisha, wajuzi mshuke.

---

Pilipili Kichaa

Uzi mrefu kama treni ya mizigo. Kwa kifupi, mwizi wa zamu ni nani?

---

Mwanasheria wa Mtaa

Mleta uzi umepanga vizuri. Niongeze ya kisheria, maana wengi wanadhani Azali alifuta zamu. Hakuifuta. Angeifuta ingekuwa rahisi kumpinga.

Alirudi kwa uchaguzi mwaka 2016, zamu ya Ngazija, kwa ushindi mwembamba. Katiba ya wakati ule ilisema miaka mitano, halafu kijiti kinakwenda Nzuani mwaka 2021. Aprili 2018 Mahakama ya Katiba ikasimamishwa na madaraka yake yakahamishiwa Mahakama ya Juu. Tarehe 30 Julai ikaitishwa kura ya maoni, wapinzani wakaisusia, "ndiyo" ikapata zaidi ya asilimia 92. Kilichobadilika ni hiki: zamu ipo, lakini rais anaweza kukaa mihula miwili mfululizo kabla kisiwa kingine hakijaingia. Makamu wa rais, ambao walikuwa mmoja kwa kila kisiwa, wakafutwa. Mchujo wa kisiwani ukaondolewa.

Kisha akakatisha muhula wake mwenyewe na kuitisha uchaguzi Machi 2019. Kwa hiyo ule muhula wa 2016 ukawa kama haukuhesabiwa. 2019 muhula wa kwanza, 2024 muhula wa pili, mwisho 2029.

Pigeni hesabu. Ngazija wameshika tangu 2016 hadi 2029, miaka 13. Nzuani walikabidhi Mei 2011, kwa hiyo watakuwa wamesubiri miaka 18. Wakiingia na wao wakala mihula yao miwili, Mwali waliotoka 2016 watasubiri hadi 2039, miaka 23. Kwenye katiba ya 2001 kisiwa kilikuwa kinasubiri minane.

Neno "zamu" limo katika katiba hadi leo. Ukienda mahakamani huna cha kulalamikia.

---

Pilipili Kichaa

Duh. Yaani kama mchezo wa kupeana pesa wa akina mama, halafu mwenyekiti anasema mzunguko upo palepale ila sasa kila mtu anapokea mara mbili, na naanza mimi.

---

Mzigo Tayari

Hahaha mkuu umemaliza. Na hela ya mwezi uliopita hahesabu.

---

Mngazija wa Malindi

Asalaam aleykum. Mimi nimezaliwa Unguja, mtaa wa Malindi, babu yangu alitoka Mitsamihuli. Nimeishi Moroni pia. Ndugu zangu mmeeleza vizuri lakini mnamwonea mtu mmoja.

Wa kwanza kuuvuta mkeka alikuwa Sambi. Aliingia 2006 kwa miaka minne. Mei 2009 akaitisha kura ya maoni, muda ukaongezwa, marais wa visiwa wakashushwa kuwa magavana. Mwaka 2010 ulipofika, zamu ni ya Mwali, akataka kubaki. Watu wa Mwali, wale wapole mnaowasema hawana ubavu, waliandamana. Mahakama ya Katiba ikasema muda wako umekwisha tarehe 26 Mei 2010. Wakakubaliana akae wakati uchaguzi unaandaliwa, Ikililou Dhoinine akashinda Desemba, na kiti akakipata Mei 2011. Mwaka mzima Mwali walingoja mlangoni na haki yao mkononi.

Kwa hiyo Nzuani wakilia leo, Mwali wanawaangalia tu.

Halafu kuna jambo ambalo mtu wa nje halioni. Mnazungumza rais, gavana, bunge. Kwetu kijijini hao wako mbali. Mwenye neno ni *wandru wadzima*. Waswahili mmeshalielewa, ni "watu wazima". Lakini kwa Kingazija uzima huo hauji kwa umri. Unakuja kwa *ãda*, ile harusi kubwa. Dhahabu ya bibi harusi, ng'ombe, mchele wa kulisha mji mzima, miaka ya kudunduliza, wengine wanachuma Marseille maisha yote kwa ajili hiyo. Ukiimaliza unavaa joho la bushuti, unakaa mbele msikitini, unazungumza bangweni, ule uwanja wa mji watu wanapokutana. Usipoifanya, hata uwe na miaka sabini na shahada tatu, wewe ni *mwanamdji*, mwana wa mji, na ukitaka kusema unatazamwa.

Nimemwona waziri mzima, gari la serikali liko nje, anakaa nyuma bangweni kwa sababu hajafanya ãda. Mvuvi aliyeimaliza akawa anamkatiza maneno na yeye anainamisha kichwa.

Ali Soilih alijaribu kuiua ãda. Mnaona aliishia wapi.

---

Kijana wa Mikocheni

Mzee wangu hapo kwenye ãda umenikosha. Ina maana serikali haina nguvu vijijini?

---

Mngazija wa Malindi

Mwanangu, kijiji kikitaka shule kinajijengea. Kikitaka barabara, wale wa Ufaransa wanachanga. Fedha za ãda zenyewe sehemu inakwenda kwenye kazi za mji: msikiti, paa la shule, tangi la maji. Serikali inakuja siku ya kukata utepe. Ndiyo maana mtu wa Ngazija anaweza kuishi na serikali mbovu miaka ishirini na asione kama mbingu imeanguka. Mji wake unakwenda.

Nzuani ni tofauti. Kule hawana ãda ya namna yetu, ardhi ni haba, kijana akikata tamaa anapanda *kwassa-kwassa*, vile viboti vidogo, usiku kwenda Maore. Tangu Ufaransa iweke viza mwaka 1995 bahari ile imemeza watu wengi mno. Kwa hiyo kwa Mnzuani urais ni mlango. Kwa Mngazija ni pambo la ukoo. Nadhani hamtaelewa ule ugomvi mkisahau hilo.

---

Bi Shuwari

Mzee shikamoo. Umeeleza bangwe lakini umesahau nani anamiliki nyumba zilizozunguka hilo bangwe 😄

Ngazija nyumba ni ya mwanamke. Mwanamume anaolewa, anahamia kwa mkewe. Na kuna ardhi ya *manyahuli* inayopita kwa akina mama, mama kwa binti, hailiwi na kaka. Waislamu wa madhehebu ya Shafi, makadhi wapo, na bado manyahuli ipo. Ni nadra sana.

Ila kwenye siasa tunaishia jikoni. Mwanamke wa kwanza kuchaguliwa gavana wa Ngazija ni Sitti Farouata Mhoudine, mwaka 2019. Miaka 44 baada ya uhuru. Nyumba yetu, shamba letu, kiti chao.

---

Mngazija wa Malindi

Marahaba binti yangu. Sina la kujibu.

---

Mstaafu wa Lugalo

Vijana mmesahau kwamba sisi Tanzania tuliingia kwenye hili suala miguu yote miwili.

Pale Nzuani alikuwepo rais wa kisiwa, Mohamed Bacar, kanali wa jandarma. Muda wake ulipoisha 2007 akaambiwa uchaguzi usubiri, yeye akaufanya wa kwake mwezi Juni na kujitangaza mshindi. Mwaka uliofuata Kikwete ndiye mwenyekiti wa Muungano wa Afrika. Tarehe 25 Machi 2008 alfajiri vikosi vikatua Nzuani, Watanzania na Wasudani pamoja na jeshi la Komoro. Haikuchukua hata siku mbili. Bacar akakimbilia Mayotte kwa boti, Wafaransa wakampeleka Réunion, mwisho akapokelewa Benin.

Mdogo wangu alikuwemo. Anasema kilichomshangaza ni watu wa Mutsamudu kutoka vichochoroni wakiwapa maji na kuongea nao, na wao wakawa wanaelewa nusu nzima ya maneno. Alirudi na chupa ndogo ya mafuta ya langilangi, mkewe akayatunza mpaka yakakauka.

Swali langu ni hili. Tulikwenda kumtoa mtu mmoja aliyegoma kutoka kitini baada ya muda wake. Baadaye waliobadilisha katiba ili wasitoke, nani alitumwa?

---

Mwanasheria wa Mtaa

Mzee, huyu wa pili alitumia kura ya maoni. Muungano wa Afrika una maneno makali kwa anayeingia kwa mtutu, lakini ukibadilisha katiba kwa karatasi unaachwa. Na si kuachwa tu, Februari 2023 Azali alipewa uenyekiti wa Muungano wa Afrika wenyewe, mwaka mzima. Zamu hiyo ya uenyekiti aliikabidhi kwa wakati.

---

Pilipili Kichaa

Hahahaha mkuu wewe una sumu.

---

Kijana wa Mikocheni

Na wao Nzuani walikaa kimya 2018?

---

Mzigo Tayari

Hawakukaa kimya. Oktoba 2018 watu wenye silaha walijichimbia kwenye mji mkongwe wa Mutsamudu. Mliofika mnaujua: vichochoro ambavyo watu wawili wakikutana mmoja anageuka ubavu, nyumba za mawe zimeegemeana kama wagonjwa. Jeshi lilizingira siku kadhaa, maji na umeme vikakatika. Gavana wa kisiwa, Abdou Salami, akakamatwa.

Mimi nilikuwa na robota 40 za mteja wangu wa kule. Wiki ile simu yake haikupatikana. Alipopatikana hakusema kitu kuhusu vita, aliniuliza tu kama robota zimelowa.

---

Mtaka Ushahidi

Nisaidieni kitu kimoja. Uchaguzi wa Januari 2024 nilisoma kwamba waliojitokeza ni asilimia 16. Halafu kwingine nikasoma asilimia 56. Ni kosa la magazeti?

---

Mwanasheria wa Mtaa

Si kosa la magazeti mkuu. Zote mbili ni za rasmi.

Tume ya uchaguzi ilitangaza waliojitokeza ni asilimia 16.3 na Azali kapata 62.97. Watu wakahoji, kwa sababu siku hiyohiyo, vituo hivyohivyo, ilipigwa pia kura ya magavana, na huko waliohesabiwa walikuwa wengi kupita kiasi ukilinganisha. Yaani mtu anaingia chumbani, anapiga kura ya gavana, ya rais anaiacha mezani? Baadaye Mahakama ya Juu ikatoa matokeo ya mwisho: waliojitokeza asilimia 56.44, Azali asilimia 57.2. Wapiga kura wakaongezeka zaidi ya mara tatu kati ya tume na mahakama, na mshindi akabaki yuleyule bila kwenda duru ya pili.

Moroni kulichomwa matairi na nyumba, kukawekwa amri ya kutotoka nje, na mtu akapoteza maisha.

---

Mtaka Ushahidi

Asante. Nimeelewa, ingawa ningependa nisingeelewa.

---

Mpiga Zumari

Mnamsakama Azali lakini tuwe wakweli. Toka 1999 hakuna Denard, hakuna kisiwa kilichojitenga, mishahara inatoka. Zamu ni kitu cha kitoto, kila baada ya miaka mitano mtu mpya anaanza moja, anajaza ndugu zake wizarani kwa sababu anajua kisiwa chake hakitarudi karibuni. Marais wanne, mabunge manne, nani analipa? Miaka kumi angalau mtu anajenga kitu.

---

Mzigo Tayari

Mkuu hoja yako si ya kubeza, na wateja wangu wa Ngazija wanaisema kila siku. Gharama zile kweli zilikuwa kichekesho. Mwaka 2003 rais wa Muungano na rais wa kisiwa cha Ngazija, Abdou Soulé Elbak, waligombania nani akusanye kodi, wafanyabiashara wakawa hawajui walipe ofisi ipi. Haikuamuliwa mpaka makubaliano ya Desemba, pale ikulu ya Beit-Salam.

Lakini ukisema zamu ni ya kitoto unasahau ilinunua nini. Hawakuiweka ili wapate rais hodari. Waliiweka ili Mnzuani asipandishe tena bendera ya Ufaransa. Ilikuwa bei ya kubaki pamoja. Ukishalipwa mzigo huwezi kurudi baada ya miaka 17 ukasema sasa tubadilishe bei, kisha karatasi ya mauziano ukabaki nayo wewe.

Na kujaza ndugu hakukuisha. Julai 2024 mwanawe Azali, Nour El Fath, aliwekwa kuwa katibu mkuu wa serikali na kupewa mamlaka makubwa juu ya mawaziri. Kwa hiyo ile hoja ya ndugu tuiache kwanza.

---

Mpiga Zumari

Haya hiyo ya mtoto nimekuachia. Lakini Sambi mnayemlilia ndiye aliyeuza paspoti.

---

Mwanasheria wa Mtaa

Hakuna anayemlilia, lakini kesi yake isimuliwe yote. Chini ya Sambi, mwaka 2008, ilipitishwa sheria ya "uraia wa kiuchumi". Nchi za Ghuba zilikuwa na watu wasio na uraia, wanaitwa bidun, na zikatafuta nchi ya kuwapa paspoti bila wao kuhama. Komoro ikapokea fedha, paspoti zikatoka kwa maelfu. Fedha nyingi hazikuonekana hazinani. Hilo ni doa na Wakomoro wengi wanaona aibu nalo.

Ila Sambi alizuiliwa tangu 2018, mwaka uleule wa kura ya maoni, akiwa ndiye mpinzani mkubwa kutoka Nzuani. Alikaa ndani miaka minne kabla ya kesi kusikilizwa. Novemba 2022 mahakama ya usalama wa taifa ikampa kifungo cha maisha kwa uhaini, na hukumu yake haina rufaa. Hayo mawili yanaweza kuwa kweli kwa pamoja: paspoti ziliuzwa, na kesi ikaja siku inayomfaa mtu.

---

Bi Shuwari

Na Septemba 2024 Azali alichomwa kisu kwenye msiba, pale Salimani. Msibani! Kijana mwenyewe askari, miaka 24, kesho yake akakutwa amekufa mahabusu. Hata walioko upande wa upinzani tuliowasikia walishtuka. Huko kwetu msiba hauna chama.

---

Mstaafu wa Lugalo

Na sisi tusisahau kwamba harakati za uhuru wao zilianzia hapa. MOLINACO ilianzishwa Dar es Salaam, 1963, na Wakomoro waliokuwa wakiishi huku, chini ya Abdou Bakari Boina. Walikuwa wakitangaza kwenye redio yetu. Mimi mdogo nawasikia kwa jirani, sielewi Kingazija ila neno "uhuru" nalielewa.

---

Kijana wa Mikocheni

Wakuu, 2029 itakuwaje? Nzuani watapewa kweli?

---

Mwanasheria wa Mtaa

Kwa katiba ilivyo leo, ndiyo. Katiba hubadilishwa na bunge, na kwenye uchaguzi wa Januari 2025 chama cha rais, CRC, kilichukua karibu viti vyote. Basi nimeishia hapo, hitimisheni wenyewe.

---

Mngazija wa Malindi

Mimi ni Mngazija na nitasema. Wapewe. Kijana wa Mutsamudu aliyezaliwa wiki ile Sambi anaapishwa, Mei 2006, mwaka 2029 atakuwa na miaka 23. Hajawahi kupiga kura akichagua rais wa kwao. Ukimwambia zamu yako inakuja, anakuonaje?

---

Mkulima wa Mang'ola

Samahani kwa kutoka nje ya mada. Mleta uzi, vitunguu kwenda Komoro vinalipa? Na ni bora kushusha Moroni au Mutsamudu?

---

Mzigo Tayari

Vinalipa ukivikausha vizuri, vibichi vinaoza baharini. Moroni wanunuzi ni wengi lakini ukiwa na meli kubwa unasubiri tishari, na vitunguu havisubiri. Mutsamudu meli inafunga gatini, mzigo unashuka siku hiyohiyo. Njoo PM nikupe mtu.

---

Pilipili Kichaa

Na huyo mteja wako wa robota 40, Mnzuani, yeye anasemaje kuhusu 2029?

---

Mzigo Tayari

Nilimuuliza juzi alipokuja dukani. Alikuwa anahesabu sufuria, akafika 60, akanyanyua kichwa. Akaniuliza: "Meli inaondoka Jumatano au Alhamisi?" Nikamwambia wamesema Jumatano. Akasema, "Wamesema," akarudi kuhesabu toka mwanzo.